Nimeita Mwethya wa Kompyuta, Zikakaa

Leo nimeaibika mbele ya kikundi kizima cha mwethya, wale wa kusaidiana kazi kwa pamoja, na simu iliyoniaibisha niliiweka kwa spika mimi mwenyewe. Sikulazimishwa na mtu. Nimetafuta wa kumlaumu tangu alasiri na sijampata.

Naandika sasa hivi kabla Syombua hajawafikia. Syombua ni jirani yetu, ana binamu humu kwenye kikundi chetu cha simu, na akisimulia jambo haachi chumvi kwenye kopo. Afadhali mlisikie kwangu.

Kwa wageni humu: naitwa Musyoki, mtu wa Makueni, upande wa Kibwezi. Nafanya kazi Kitui, kwenye ofisi inayoshughulika na mito ya msimu na mabwawa ya mchanga. Bwawa la mchanga wengi mnalijua. Unajenga ukuta kukata mto mkavu, mvua inakuja na mchanga, mchanga unajaa nyuma ya ukuta na kuficha maji ndani yake, na watu wanaendelea kuchota hata mto ukiwa umekauka kitambo. Mimi sijengi. Mimi nakaa kwenye kiti na kukadiria ukuta ukiwekwa hapa itakuwaje, ukiwekwa pale itakuwaje. (Mama yangu huwaambia watu kanisani kwamba mimi ni injinia. Sijamsahihisha na sina mpango.)

Sasa, jambo lenyewe. Kikundi cha mama kimepata saruji ya ukuta mmoja. Mmoja tu! Na mto wetu una sehemu mbili ambazo watu wanazitaka. Kuna kule juu kwenye kona, hapa karibu na kwetu. Kuna kule chini kwenye kivuko, karibu na kwa Mama Mwende, ambaye ndiye mwenyekiti. Watu wa juu wanataka juu, watu wa chini wanataka chini. Mkutano uliopita walinuniana mpaka wengine wakaacha kusalimiana kanisani. Na mvua ya vuli haimngoji mtu amalize kununa. Mawingu yameshaanza kukaa juu ya vilima vya Chyulu.

Hapo ndipo mama yangu aliposimama na kusema, "Kijana yangu ako na kompyuta. Kompyuta haina boma huku juu wala huko chini. Wacha ituambie." Watu wakakubali, nafikiri kwa kuchoka. Ikapangwa kwamba nitoe jibu leo, mwethya ukiwa shambani kwetu, watu wakishakula.

Nitasema ukweli: nilitaka juu ishinde. Mama yangu huchota maji mbali, na magoti yake si ya kuchota maji mbali. Kila nikirudi nyumbani namkuta amekaa anayasugua na ananiambia ni baridi. (Kibwezi! Baridi!) Nilikuwa nimeshamwahidi, si mara moja, kwamba maji yatafika mlangoni. Nilikuwa na hakika. Nilitaka tu kompyuta iseme kwa niaba yangu ili mtu wa chini asione ameonewa.

Inabidi niwaeleze kidogo kuhusu hiyo kazi, maana bila hivyo hamtaona nilivyo mjinga. Ukuta mmoja si hesabu moja. Unajaribu mvua kubwa, mvua ndogo, mvua iliyochelewa, ukuta mfupi, ukuta mrefu, mchanga mzito, udongo mwepesi. Unachanganya yote hayo, kwa sehemu zote mbili. Zinatoka hesabu maelfu kwa maelfu. Kila moja peke yake ni fupi, inaisha kabla hujamaliza kupiga chafya. Lakini nikizipanga moja moja kwenye laptop yangu, zitaisha nikiwa na wajukuu.

Ndiyo maana kuna supakompyuta. Hizo ni kompyuta nyingi mno zilizounganishwa kwenye ukumbi mmoja huko Nairobi, zina umeme wao na baridi yao. Huendi huko. Unaingia kwa mtandao, unaomba, unapanga foleni, na zamu yako ikifika unapewa kundi la mashine kwa muda fulani. Ofisi yetu ilikuwa imebakiwa na muda kidogo tu, na muda huo ulikuwa unakwisha leo jioni. Halafu hizo mashine si zako. Nyuma yako kuna watu wa utabiri wa hali ya hewa, kuna watu wa magonjwa, kuna wanafunzi, wote wanangoja utoke.

Kwa hiyo unachofanya ni kuita mwethya. Kweli kabisa, ni mwethya. Kazi ni kubwa, unaita mikono mingi, kila mkono unashika kipande chake, na kilichokuwa cha miezi kinaisha kabla ya chakula cha mchana. Niliandika programu moja nikaifanya mnyapara. Mnyapara anakalia rundo la hesabu. Mashine ikimaliza hesabu moja inamrudia, anaipa nyingine, inaenda. Hakuna mashine ya kukaa bure. Nilijivunia huyo mnyapara sana. (Nilimwonyesha hata mchumba wangu. Aliniuliza kama nimekula.)

Basi leo asubuhi nikapanda kwenye jiwe lililo nyuma ya zizi, ambapo network hushika, nikatuma kazi. Foleni ilikuwa fupi, nikapewa mashine zangu zote kwa mpigo. Kwenye skrini zikawaka kijani, safu baada ya safu, zote zinaonyesha ziko kazini. Nikapiga picha nikaituma humu. Mliiona. Mkanipa moto na makofi. Naomba kila aliyenipa moto aurudishe.

Nikateremka nikakuta wanawake wameshafika na majembe, sepetu na nyimbo. Kazi ilikuwa kuchimba mtaro wa fanya juu, ule wa kurusha udongo upande wa juu ili uzuie maji ya mvua yasikimbie na shamba. Mama Mwende alikuwa na kijiti, anapima. Kila wanawake watatu walipewa kipande kirefu, wakagawana. Mmoja anachimba, mmoja anarusha udongo, wa tatu amekaa kwenye ukingo anakunywa uji.

Amekaa! Mimi hapa duniani nina kitu kimoja kinachoniudhi, nacho ni mtu kukaa wakati kazi iko. Nilihesabu waliokaa. Nikamwendea Mama Mwende kwa heshima zote, nikamwita mwaitu, yaani mama.

"Mwaitu, naona wengine wamekaa."

"Wamepumzika. Wataingia sahi."

"Lakini huo ni muda unapotea. Mimi hii ndiyo kazi yangu, kupanga kazi nyingi kwa mikono mingi. Tunaweza kupanga vizuri zaidi."

Mama Mwende alinitazama kutoka kichwani mpaka kwenye raba zangu nyeupe. "Tupange aje?"

Nikamweleza. Vipande viwe vidogo, upana wa hatua moja. Kila mtu ashike chake peke yake. Akimaliza, aje kwangu, nimwonyeshe kingine. Kwa njia hiyo aliye na nguvu atachimba vingi, aliyechoka atachimba vichache, na hapatakuwa na wa kukaa.

"Na kwa nini wakuje kwako?" akauliza. "Si mtaro unaonekana?"

"Ili pawe na mpango, mwaitu."

"Haya," akasema, akanipa kile kijiti.

Mama yangu alikuwa mlangoni pa jikoni na mwiko mkononi. Nilimwona akitikisa kichwa. Nikadhani anasikitikia sufuria.

Wakaanza. Kipande cha hatua moja kwa mwanamke wa Ukambani aliyezoea jembe si kazi, ni salamu. Syombua alikuwa wa kwanza. "Injinia, nimemaliza!" Nikakimbia kumwonyesha kingine. Kabla sijachora mstari, wawili wamekuja. "Na sisi?" Nikawaonyesha. Nikigeuka, watano. Nikigeuka tena, ni laini. Laini kabisa, kutoka kwangu mpaka kwenye mpapai, kila mmoja ameegemea mpini wa jembe. Nami nakimbia na kijiti kutoka huku kwenda huku, shati limelowa, nachora mistari ambayo mtu anaifuta kwa jembe kabla sijanyoosha mgongo. Huko nyuma ya laini mmoja alishaanza kusimulia harusi ya Sultan Hamud, tena kwa kirefu.

"Musyoki," Mama Mwende akaita, "saa hii ndio tumekaa wote."

"Mkizoea itaenda," nikamjibu. (Nilimjibu hivyo. Kwa mdomo huu.)

Mama akaniita jikoni haraka, eti nije nimshikie sufuria ya muthokoi, yale mahindi yaliyokobolewa. Nilipofika sufuria ilikuwa imetulia kwenye mafiga haihitaji mtu. Akanipa kiti, akanipa chai, akasema, "Kunywa polepole." Huko nje nikasikia nyimbo zimeanza tena. Nilipotoka, mtaro ulikuwa umekaribia kuisha. Na mimi, kwa akili zangu timamu, nikafurahi kwamba mpango wangu umeleta matunda.

Nikapanda jiweni kuangalia mashine. Kijani kitupu. Mtu mwenye busara angeangalia ni hesabu ngapi zimeisha. Mimi niliangalia rangi, nikaridhika, nikaenda kuvaa shati lenye kola.

Watu wakala. Muthokoi wa mama hauna mpinzani, hilo hata watu wa chini hukiri. Wakiwa wanamalizia chai, nikasimama mbele yao na laptop kifuani. Nikawaambia kwamba tangu asubuhi, wao wakichimba hapa, kuna kompyuta nyingi Nairobi zimekuwa zikiwachimbia kule. Nikawaambia huo nao ni mwethya. Nikaongeza, na hapa nilimtazama mwenyekiti, kwamba siri ya mwethya wa kompyuta ni kwamba hakuna hata moja inayokaa.

Simu ikalia. Ni Wafula. Wafula ni kijana wa Nairobi anayezisimamia zile mashine. Hatujawahi kuonana, lakini ni mtu mpole, huwa ananisaidia.

"Huyu ndiye mwenye supakompyuta," nikawatangazia. "Anapiga kutuambia kazi imeisha. Ngojeni mmsikie wenyewe."

Nikaweka spika. Nikainua simu juu ili hata walio nyuma wasikie.

"Bwana Wafula! Niko na kikundi kizima hapa, wanakusikia."

"Ah, sawa. Hamjambo wamama?"

"Hatujambo!" wakaitikia kwa pamoja.

"Sasa boss, nimekupigia juu ya ile kazi yako."

"Ndiyo, waambie!"

Akashusha sauti. Sasa naelewa kwamba alikuwa ananifungulia mlango nitoke. "Niwaambie wao?"

"Waambie tu, usiogope."

"Haya. Boss, hizo mashine zako zote zimekaa."

Nilicheka. Nilidhani ni utani. "Zimekaa aje?"

"Zimekaa tu, tangu asubuhi. Umezishika lakini hazifanyi kitu. Zimepanga laini kwa yule mnyapara wako. Unazipa kazi kidogo sana, inaisha hapo hapo, zinarudi kumuuliza zifanye nini. Na yeye ni mmoja. Akijibu moja, zingine zote zimesimama zinamngoja. Halafu watu wa hali ya hewa wako kwa foleni wananiuliza huyu Musyoki ni nani."

Nilitaka kuzima spika lakini kidole kilikuwa kinabonyeza kila mahali isipokuwa pale.

"Woi!" Syombua akapaza sauti. "Kumbe hata huko!"

Hapo ndipo kikundi kilipovunjika mbavu. Mwanamke mmoja alikaa chini kwenye udongo, akaweka kikombe kando ili acheke vizuri. Wawili walishikana. Mama Mwende alijifuta macho kwa leso, akasogea karibu na simu na kuinua sauti kama watu wanavyofanya wakidhani Nairobi ni mbali.

"Wafula, mwanangu! Hata sisi alitupanga hivyo hivyo leo asubuhi!"

"Ati nini, mama?"

"Alitupanga laini na majembe! Tukasimama kama hizo mashine zako!"

"Pole sana, mama. Na mlifanya nini?"

"Tulingoja mamake amwite jikoni, tukaendelea."

Wafula alijaribu kujizuia. Nilimsikia akijaribu. Kisha akacheka mpaka spika ikakwaruza, na nyuma yake nikasikia watu wengine wakicheka, maana kumbe na yeye alikuwa ameweka spika! "Sisi huku hatuna mama yake," akasema. "Imebidi tukate kazi."

Nikaacha kuona aibu, nikaanza kuogopa. "Umeikata? Hesabu ngapi zimeisha?"

"Kidogo sana, boss. Hata robo haijafika."

Watu wakaacha kucheka, mmoja mmoja. Walielewa. Jibu halipo, muda wa ofisi unaisha leo, na watu wa juu na wa chini wako pale pale walipokuwa wiki iliyopita, ila sasa wamekaa kwenye benchi moja.

Wafula akapata huruma. Akasema kuna nusu ya zile mashine ambayo itakuwa wazi kwa muda mfupi kabla ya watu wa hali ya hewa kuingia. Nikirekebisha sasa hivi atanipitisha. "Lakini usizipe punje moja moja. Kila moja ipe mzigo wa maana, iende nao, irudi ikimaliza wote. Na ukizikalisha tena, usinitafute."

Mama Mwende akatoa uamuzi. "Sisi tunaosha vyombo. Tukimaliza na hakuna jibu, tutapiga kura tuende nyumbani."

Nilikuwa nimeshakamata laptop nikimbilie jiweni, mama akanivuta shati nyuma ya jikoni.

"Musyoki, hesabu watu."

"Watu gani?"

"Hawa. Wa chini wengi wameenda soko ya Kibwezi. Leo wa juu ndio wengi. Wacha wapige kura."

"Mama, tulikubaliana ni kompyuta."

"Si imekataa?"

"Haijakataa. Ni mimi nilikosea."

"Basi kosea mpaka jioni."

Ndugu zangu, ningemsikiliza! Lakini nilikuwa nimechekwa na watu wa juu, wa chini na wa Nairobi kwa wakati mmoja. Nilitaka kurudi mbele ya wale wanawake na kitu mkononi. Isitoshe, nilikuwa na hakika jibu ni juu. Nikamwambia, "Mama, niamini," nikakimbia.

Kurekebisha hakukuchukua muda. Ni mstari mmoja. Badala ya mnyapara kutoa hesabu moja, atoe fungu zima, mashine iende nalo ikafanye peke yake bila kumsumbua. Nikatuma. Zikaja mashine nusu ya zile za asubuhi, na safari hii sikuangalia rangi, niliangalia idadi. Ilikuwa inapanda hata jicho haliifuati. Kazi ambayo mashine zote hazikufikisha robo tangu asubuhi, nusu ya mashine hizo ziliimaliza yote kabla mama hajamaliza kusugua ukoko wa muthokoi. Nilipiga kelele ya furaha, ng'ombe wakasogea upande wa pili wa zizi.

Kisha nikafungua jibu.

Nikalisoma. Nikalisoma tena. Nikaangalia kama nimechanganya majina ya zile sehemu mbili, nikaomba iwe nimechanganya. Sikuwa nimechanganya. Ni kivukoni. Mvua kubwa, kivukoni. Mvua ndogo, kivukoni. Kule kwenye kona yetu maji yanapunguza mwendo, yanatua matope badala ya mchanga, na ukuta ungejaa tope ambalo halitoi maji ya kuchota. Misimu michache tu tungebaki na ukuta mzuri wa kukausha nguo.

Nilikaa pale jiweni. Sitawadanganya, nilifikiria kusema juu. Hakuna ambaye angejua. Kutoka pale nilikuwa namwona mama, ameinama kwenye sufuria, anamwaga maji kidogo kidogo ili yatoshe kusuuzia. Nikaumia sana. Halafu nikafikiria ukuta umejaa tope, saruji ya kikundi imekwisha, na mama bado anaenda mbali, safari hii na majirani wasiomsalimia. Nikafunga laptop nikateremka.

"Ni kivukoni," nikasema. Sikupamba.

Watu wa chini, waliokuwa wachache, walipiga vigelegele vya watu wengi. Mama Mwende alinishika mkono kwa mikono yake miwili. "Hiyo kompyuta yako ni nzuri sana, mwanangu. Mimi sikuwa naijua."

Syombua ni wa juu. Alikuwa amesimama na taulo la vyombo begani, na sura yake haikuwa tena ya mtu anayecheka.

"Injinia, nataka kuelewa. Tungepiga kura, tungeshinda?"

"Mngeshinda."

"Na wewe ukatoka hapa mbio, ukapanda kwa jiwe, ukatuletea hii?"

"Ndiyo."

"Ungetembea tu!"

Nikawaeleza habari za tope, polepole, nikichora kwenye udongo. Waliuliza maswali magumu. Mzee mmoja tu alikuwepo, naye akasema kona ile hata alipokuwa mdogo ng'ombe walikuwa wanazama. (Mzee, wiki zote hizi ulikuwa wapi na habari hiyo?) Mwisho wakakubali, juu na chini, na wakasalimiana. Kesho kutwa wanaanza kuchimba msingi. Mama Mwende alifunga kwa maombi. Alimshukuru Mungu kwa mtaro, kwa chakula, kwa Wafula, na akamwomba anisaidie na mimi kwa namna yake.

Wakaenda. Nikabaki na mama. Alikuwa anafunika moto kwa majivu. Nikamwambia samahani. Nikamwambia kivukoni ni karibu kuliko anakochota sasa, hata kama si mlangoni. Nikamwambia ningetamani iwe vingine.

"Nimesikia," akasema. "Umesema ukweli na haukutufaa. Mimi nimefurahi kukuzaa." Akasugua goti. "Lakini maji ya leo bado hayajachotwa."

Akaenda nyuma ya nyumba akarudi anamvuta punda, mitungi imeshafungwa. Akanipa kamba. Nikauliza mpaka lini. Akasema mpaka ukuta uishe, ujae mchanga, mvua inyeshe, halafu tutaongea.

Kwa hiyo naandika haya nikiwa njiani kurudi, nimekaa kando ya barabara na punda mwenye mitungi iliyojaa, ambaye hushtuka kwa kila sauti. Tafadhali, msinipigie wala msinitumie sauti. Mkicheka, chekeni kwa maandishi.